Ukuta Aliokubali Uharibike

Habari ilinikuta Jumanne asubuhi, povu la dawa ya meno bado mdomoni. Jirani yetu, mama anayeuza makala, yaani makaa, alipaza sauti juu ya ua: "Petit, ulisikia? Papa Madoa alikufa. Banamuzika leo leo." Nilitema maji, nikabaki nimeshika mswaki kama mtu aliyesahau kazi yake. Marehemu alikuwa Mwislamu, wazee wake walitoka Maniema na biashara ya vitenge, na kwao maiti hasubirishwi. Kabla ya saa tisa tulikuwa tumekwisha kumfunika, na viatu vya wote, matajiri na sisi wengine, vilikuwa na rangi moja ya udongo mwekundu. Nimechoka, wasomaji wangu. Mwaka huu nimekalia viti vya plastiki vya kilio mara nyingi kuliko vya harusi, na mimi ni mtu wa harusi, mnanijua. Lakini kifo hiki kimenichosha kwa namna nyingine, kwa sababu nilikuwa na neno la kusema juu ya mtu huyu angali hai, na kila wiki niliandika jambo jingine katika safu hii ya gazeti.

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba, hasa mbele ya nyumba. Wanaoishi mtaani kwetu Annexe wanajua desturi: upande unaotazama avenue, yaani barabara, ndio unaopakwa, ubavuni na nyuma matofali yanabaki uchi, hata miaka kumi. Binti anaolewa, mbele inapakwa. Mtoto anabatizwa, mbele inapakwa. Kuna watu wanaotucheka, wanasema tunapenda kujionyesha. Mimi sikuwahi kucheka, maana nilizaliwa na ugonjwa wa kuota nyumba. Shule niliiacha mapema, ila madaftari niliyoacha nayo yalijaa baraza, maua na mageti yenye nyota, wala hesabu hazikupata nafasi humo. Hata leo nikipita penye ukuta uliobanduka, mikono inaniwasha.

Basi Papa huyu alikuwa na namna yake. Hakugusa brashi siku ya kwanza. Alikuja na kiti chake kidogo cha mbao, akakiweka ng'ambo ya avenue, akaketi kuutazama ukuta nusu siku nzima. Watu walimtania: "Papa, uko unaposa ule ukuta?" Naye alijibu bila kugeuka: "Njo vile. Nangoya baba yake atoke, ajibu kama anakubali." Mchana aliinuka, akaumwagia ukuta ndoo ya maji kutoka juu, akafuata kwa kidole kila njia ambayo maji yalipita. Alisema ukuta unaeleza wenyewe mahali unapoumwa. Na chini, kuanzia ardhini hadi magotini, hakupaka rangi nyeupe hata ukimlilia. Alipaka mshipi wa rangi ya udongo wetu wenyewe. "Mvua ya kwanza matope itaruka tu," alikuwa anasema. "Usishindane na udongo. Uupatie fasi yake." Nyumba alizozipaka ulizitambua mwezi wa pili, wakati kuta za wengine zote zimerukiwa matope kama mtoto aliyetoka kucheza mpira, na zake zimesimama zimefunga mkanda.

Sasa niwaeleze ukuta wetu. Baba yangu alifanya kazi kwenye reli, kama baba yake. Alipougua, na alipojua kwamba haponi, siku moja alitoka nje akijikokota, ameshika kopo la lami, akaandika mbele ya nyumba herufi ndefu kama mkono wa mtu: LUPANGO HII HAIUZISHWE. Hapa mjini kila mtu anayajua maneno hayo: kiwanja hiki hakiuzwi. Huandikwa mahali ambapo wenye kiwanja na nyumba wanaogopa kwamba mtu wa ukoo ataiuza wakiwa wamegeuza mgongo. Baba alikuwa anamwogopa nani, hakuniambia. Mimi nilichoona ni ubaya tu. Lami ilichuruzika kila herufi ikaota ndevu, na nyumba ya ndoto zangu ikafanana na depo ya vyuma.

Baada ya baba kufa, mdogo wake alikuja kuchukua karatasi za lupango ili azitunze, alisema, zisiliwe na panya. Mwaka uliofuata, kiangazi kikielekea mwisho, akaja tena, safari hii kwa tabasamu. "Nyumba ya yaya yangu, mukubwa wangu, haiwezi kubaki vile," alimwambia mama. "Inatupatisha haya. Nitaleta mupaka rangi muzuri, mambo ya kulipa ni yangu." Mama alirudi kwenye sufuria yake ya bukari, ugali wetu. Mimi, mjinga wa siku zile, niliruka kwa furaha, nikaleta daftari. Nilichagua rangi ya ndani ya avoka, yaani parachichi, na maua pande mbili za mlango. Baba mdogo alinipigapiga begani akasema nitakuwa architecte, mchoraji wa nyumba.

Papa akaja na kiti chake. Aliketi ng'ambo kama kawaida, lakini nilimwona hatazami ukuta peke yake. Alimtazama mama akipita na bidoni ya maji, akirudi, akipita tena, kila mara akiinua macho kwenye yale maandishi. Mwishowe aliniita. "Petit, aya maandishi aliandika nani?"

"Ni papa yangu. Lakini ni mabaya, Papa. Uyafute tu."

"Na nani alisema nifute?"

"Baba mudogo."

"Mama yako alisema nini?"

"Hakusema kitu."

Baba mdogo akatokea akihema. "Vieux, bado unakaa tu? Fanya mbio, bageni banakuya mwezi wa kumi." Papa akauliza, "Bageni gani, patron?" "Bageni tu. Wewe paka." Papa alipangusa suruali, akasema kwa heshima zote, "Sawa, patron. Itangaa kama bibi-arusi."

Siku mbili, kazi ikaisha. Wasomaji wangu, sijaona tena avoka kama ile. Avenue nzima ilikuja kutazama, na mimi nilikaa kwenye kiti cha Papa ng'ambo ya barabara, nikajiona niko ndani ya daftari langu. Mama peke yake alisogea karibu, akaweka kiganja mahali palipokuwa na neno la mwisho la baba, akaingia ndani.

Joto la mwezi wa kumi likaanza. Kwanza nilidhani ni kivuli cha waya wa umeme. Kisha ikawa kama chai iliyomwagika juu ya kitambaa. Siku hadi siku herufi zilitoka, za kahawia, ndevu zake zile zile, na siku wageni walipofika ungeweza kuzisoma ukiwa bado kwenye barabara kubwa. Walikuwa bwana na bibi waliovaa vizuri, wameletwa na mtu wa kutafutia watu nyumba za kununua, na baba mdogo mbele yao akiwa na bahasha. Yule bwana alisoma kwa sauti, neno kwa neno, halafu akageuka. "Hii lupango iko na kesi?"

"Hapana!" Baba mdogo alicheka peke yake. "Ni mambo ya zamani."

"Ya zamani, na inatoka leo?"

Bibi yake alikuwa amekwisha kurudi kwenye gari. "Twende, papa Jeanne," alimwambia mumewe. "Nyumba inasema yenyewe, na weye uko unauliza muntu."

Hapo ndipo nilipoelewa ni wageni gani waliokuwa wakipakiwa rangi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na majirani wote kwenye nyua zao walikuwa wamesikia. Kesho yake alivaa kitenge chake cha kanisa, akaenda ofisi za serikali kudai karatasi, pamoja na padri wa parokia na majirani wawili kama mashahidi. Ilichukua muda, na miguu mingi, lakini karatasi zilirudi zikiwa na jina lake na majina yetu sisi watoto. Ninaandika safu hii ndani ya nyumba ile ile.

Aliyelipa alikuwa mwingine. Baba mdogo alisimama katikati ya avenue akapiga kelele ili kila mtu asikie: "Ule muzee anajua kupaka mukate siagi, hajue kupaka ukuta!" Watu walicheka, na kicheko kikazaa jina, Papa Madoa. Kazi zikapungua. Walioandaa harusi walikwenda kwa vijana wanaopuliza rangi kwa mashine na kukuonyesha picha kwenye simu. Hakujitetea. Na mimi, ambaye nilikuwa nalala chini ya paa alilotuachia, siku moja nilimwambia njiani, kwa sababu niliisikitikia avoka yangu: "Papa, uliniharibia ukuta." Alicheka kidogo. "Pole, petit. Rangi ya siku hizi ni maji tu."

Mwaka jana tulimwita fundi mwashi azibe ufa. Aliangalia zile herufi akashangaa. "Nani alipaka rangi ya maji juu ya goudron, hii lami? Ata mwenye kuanza kazi leo anajua. Goudron inarudia. Unakwangua na patasi, unapiga simenti mupya, njo unapaka." Niliacha fundi na ufa wake, nikaenda kwa Papa nusu nikikimbia. Alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, akipanga upya vijiwe vya kijani alivyoletewa na ndugu yake kutoka migodi ya Kambove, alivyozungushia njia ya mlango.

"Papa, ulijua."

"Kujua nini?"

"Goudron."

Aliweka kijiwe, akakisogeza kidogo kushoto. "Ule ukuta ulikuwa na baba yake, petit. Mi nilikuya kuposa, baba yake alikuwa alishajibu."

"Na jina lako, Papa?"

"Jina yangu iko ndani, kwa bibi na batoto. Ya ku avenue ni rangi." Akanipa kijiwe nimsaidie kupanga.

Nilitoka pale nikiapa kuandika. Nikasema wiki ijayo. Nikaandika juu ya mashimo ya barabara, juu ya umeme, juu ya ndoto zangu mwenyewe. Nilikuwa naona haya, ndiyo sababu. Siku hizi mji wetu unapambwa mbele kwa mbele: vigae vinang'aa, mageti yanapanda juu kuliko paa, na mimi napenda, siwezi kusema uongo. Lakini nikipita sasa najiuliza kila ukuta mpya unapakiwa nani, na kama mama aliye ndani aliulizwa. Papa aliuliza. Kisha akaweka kazi yake, kitu pekee alichojivunia, kama mtu anavyoweka mwili wake mlangoni. Basi niandike, ingawa nimechelewa: ile kazi haikuharibika. Ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya.

Alhamisi nilirudi kwenye kilio. Nyumba yake ilikuwa nzuri kuliko zote za avenue, nyeupe, mshipi wake wa udongo, vijiwe vyake vimekaa sawa. Karibu nami wanaume wawili wa ukoo, waliotoka mbali, walikuwa wanapima kwa macho upana wa kiwanja. Mjane, aliye katika eda, aliniita nikasimame nje ya pazia la mlango. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Petit, weye njo unaandikaka ku journal?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi kamata."

Binti yake mkubwa alinikabidhi kopo la lami na brashi. Brashi ilikuwa safi kabisa, kama alivyoiacha mwenyewe. Nilivuka avenue na kiti chake, nikakaa kuutazama ukuta ule, na mkono ulikataa, sitaficha. Kisha nikarudi, nikaandika maneno yale yale ya baba yangu. Herufi zilipinda, lami ikachuruzika, ndevu zile zile. Wale wanaume wawili waliacha kupima. Mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni kichwani alisimama akanifokea: "Eh, kijana! Unachafua nyumba ya marehemu?"

"Hapana, Mama," nilimwambia. "Ninaimalizia."

Miaka yote nilidhani mbele ya nyumba ni ya mpita njia. Kumbe kwanza ni ya wale wanaolala nyuma yake, na uzuri unaowasahau hao ni rangi ya maji. Vidole vyangu bado vinanuka lami ninapoandika mstari huu, na sina haraka ya kuviosha.