Trekta ya Thadeus Yafika Kwenye Kona

Umande haujakauka Nyansiongo, na Thadeus Obwocha amekwisha kuzima trekta mara mbili. Mara ya kwanza anasema plau imelegea. Mara ya pili anashuka na kusimama mbele ya kona ya udongo mwekundu, mgumu, ambayo nyasi zimeshindwa kuifunika.

"Baba Kemunto, hiyo plau iko sawa," Nyanchera, mwenye shamba, anamwambia. "Hii mvua haitangojea pikipiki zako."

Pikipiki zenyewe hazipo. Hapa palikuwa na uwanja wa mbio za pikipiki, uliochongwa na wazungu walipokuwa bado na mashamba haya. Walipouza na kuondoka, vijana wa Kisii waliurithi. Walishindana siku ya Jumapili, Waadventista wakiwa wamemaliza Sabato yao na Wakatoliki wametoka misa. Watu walikuja hata kutoka Magwagwa. Mwaka 1966 ardhi iligawanywa, na uwanja ukafungwa.

Obwocha hakupanda pikipiki hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuvuta tangi la maji kwa trekta na kutuliza vumbi kabla ya kila mbio. Lakini ukimsikiliza, utadhani yeye ndiye aliyekuwa bingwa.

"Maji yakizidi, wanateleza. Yakipungua, hawaonani kwa vumbi," anasema. "Okemwa wa pikipiki akishinda, alikuwa anakuja kwangu kwanza kunisalimia, mkono wote matope. Nikifika nyumbani, mke wangu ananiuliza, wewe umeshinda nini? Namwambia, leo hakuna mtu ameanguka."

Sasa, mwaka 1970, anaendesha trekta ileile kwa niaba ya chama cha ushirika, kwa mshahara wa shilingi mia moja na ishirini kwa mwezi. Ameulima uwanja kipande kwa kipande, kila alipoitwa. Imebaki kona hii tu, na kwa misimu mitatu amekuwa akiikwepa: mara kuna mawe, mara dizeli imekwisha. Nyanchera, mjane mwenye watoto watano, amechoka na visingizio.

"Hata mimi nilikuwa nakuja kuangalia," anasema. "Nilikuwa napiga vigelegele mpaka sauti inaisha. Lakini watoto hawatakula vumbi."

Obwocha anapanda trekta. Plau inagonga udongo ulioshindiliwa, inaruka, kisha inazama. Badala ya kulima moja kwa moja, anaifuata kona ilivyo, mstari baada ya mstari, mpaka kipande chote kimepinda.

Nyanchera anashika kiuno. "Sasa mimi nitapanda mahindi imepinda?"

"Itazaa tu, Mama Ogari."

Anapozima trekta, machozi yanamlengalenga na wala hayafichi. Inauma, anasema, kuharibu kitu ulichokitunza kwa mikono yako. Akiulizwa anatumaini nini sasa, anaelekeza kidole kwenye kona.

"Mahindi ikifika magoti, nataka kuzunguka hii kona mara moja. Kwa miguu tu."

Nyanchera anamtazama, kisha anaitazama ile mistari iliyopinda.

"Ikifika, kuja Jumapili," anamwambia. "Lakini usinikanyagie mahindi."