Nilivyoikana baa ya Uingereza iliyokaa matanga nami

Wakuu, salaam kutoka Maskati. Someni polepole. Humu sijatia chumvi, laiti ningekuwa nimetia.

Nikiulizwa kama niliwahi kuingia baa nilipokuwa nasoma Uingereza, jibu langu miaka yote lilikuwa hapana. Mama nilimwambia hapana. Mume wangu pia.

Ukweli ni kwamba niliingia kila Alhamisi, kwa miaka mitatu.

Msinirukie. Nilikuwa nakunywa juisi ya machungwa. Ilikuwa baa kongwe ya mji mdogo, watu wote wanajuana, na chumba changu kilikuwa baridi kama friji. Bi Maureen, mwenye baa, alinitia kwenye timu yao ya chemsha bongo. Tulishindwa kila wiki, nami ndiye niliyekuwa msomi wa timu.

Baba alipofariki huku Maskati alizikwa siku ile ile. Sikuwahi. Niliwaambia pale baa kwamba kwetu watu hukaa na mfiwa siku tatu.

Wakakaa siku tatu.

Walizima muziki, wakaleta chai na keki. Wazee wa Kiingereza wamekaa kimya, hawajui waseme nini, na hawaondoki. Mmoja akaninong'oneza, "Mwanangu, tunafanya sawasawa?"

Nyumbani nilisema nilikaa na wanafunzi Waislamu wenzangu.

Mwaka huu Bi Maureen akaniandikia email. Baa inauzwa, igeuzwe fleti. Baraza la mji lingezuia tu kama wateja wangeonesha kuwa pale ni nyumba ya watu, si jengo tu. "Andika habari za zile siku tatu," alisema, "na utie jina lako." Barua zote zingewekwa mtandaoni.

Sasa mimi ni nani? Mwanamke wa makamo, mkaazi wa Amerat hapa Maskati, mwandishi wa makala za maadili, ukoo wake unajulikana. Nikaandika kurasa mbili kuhusu dari ya baa: maboriti ya mwaloni, ufundi wake, historia yake. Nikasaini "mwanafunzi wa zamani". Tena nikajipongeza kwa lugha.

Wiki zikapita, nafsi ikanisuta. Nikaendesha gari hadi Wattaya kwa Mama, nikamwambia yote. Akatua kikombe cha kahawa.

"Kumbe miaka yote nnawaombea dua walokaa nawe, nnawaombea watu wa baa?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi dua si imewafika wenyewe. Waandikie, mjinga we. Na jina la baba'ko ulitie."

Niliandika jioni ile ile, safari hii bila ufundi wowote.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba nilidhani nalinda heshima ya Mama, kumbe nalinda yangu, na yeye hakuwahi kuniomba ulinzi. Kama na wewe umewahi kumkana mtu aliyekufaa, andika hapo chini. Sitakucheka, sina uso huo.

Asubuhi yake nilimpigia simu Bi Maureen kumwambia barua nimeshatuma. Baraza lilikaa juzi, akasema. Fleti zimeruhusiwa.

"Lakini ile barua yako ya kwanza waliisoma kwa sauti," akaongeza kwa upole. "Waliipenda sana, mwanangu. Wameamuru dari isiguswe."