Poda ya Prefe Isidore

Jana asubuhi nilivaa shati yangu ya Pasaka, muke wangu Vanessa akanicheka. Acheke tu. Prefe Isidore alikuwa anashuka na bwato ya kutoka Kazimia, miaka makumi mbili tangu aache kuongoza shule yetu hapa Baraka, na mi ndiye nilikuwa nakwenda kumubeba na pikipiki. Shida moja tu: nilikuwa nimetangazia kartie, mutaa muzima, kwamba Prefe hawezi kunisahau. Na kama amenisahau?

Nyinyi bapwa zangu, munaopata majibu ya Examen d'Etat, mutihani wa kumaliza sekondari, mu telefone, hamujui utamu. Sisi tulingoja redio. Mutoto akipita, bantu banamumwangia poda kichwani mpaka anafanana na kuku iliyoanguka mu unga. Mi, na akili yangu hii nyingi, sikungoja. Nilijimwangia poda kabla redio isome majina, nikazunguka soko. Bamama ba samaki banapiga vigelegele, bananipa ndagala bure.

Redio ikasoma shule yetu. Jina yangu haikuwamo.

Nikajificha nyuma ya choo ya shule, kopo ya poda mukononi. Prefe akanikuta pale. Ule muntu akikohoa tu, madarasa yote inanyamaza. Nikangoja kofi. Yeye akachukua kopo, akajimwangia poda iliyobaki, juu ya suti yake nyeusi, ile moja ya siku zote. Akanishika mukono, tukapita soko katikati, bawili weupe pe. Nani angethubutu kumucheka Prefe?

Kwa mulango ya mama yangu akaniambia: "Poda umekwisha kupaka, Bienfait. Sasa tafuta diplome yake."

Mwaka muzima, kila siku kisha masomo, alinikalisha mu bureau yake na hesabu. Nikapita na hamsini kwa mia. Munacheka nini? Hamsini ya Prefe Isidore ni sabini ya leo.

Basi bwato ikafika. Muzee akashuka polepole, miwani mazito kama kitako ya chupa. Nikasimama mbele yake na shati yangu ya Pasaka. Akanitazama uso. Wilfried, jirani yangu, alishaanza kucheka kwa nyuma.

Kisha Prefe akainua mukono, akapapasa nywele zangu, ambazo mvi imezimaliza.

"Bienfait," akasema, "mpaka leo hujaoga?"

Nikamupandisha pikipiki, nikapiga honi, nikamupitisha tena soko katikati.