Bizimu la Mrumi

Mtaani kwetu Ng'ambo hakuna bibi harusi aliyewahi kupambwa kwa dhahabu ya nyumba moja. Dada yangu alipoolewa alivaa mikufu ya nyumba tatu, bangili za nyumba ya nne na, begani, bizimu la dhahabu, pini ya kubania nguo, la jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, shoga yake mama tangu wakiwa wari. Asubuhi ya pili ndiyo kazi: mama wa harusi huzunguka kurudisha vya watu, na kila nyumba ina chai yake ya kunywewa. Mama alirudisha vyote. Bizimu halikuonekana.

Tulikung'uta majamvi, tukapepeta mchele uliobaki, tukamchinja hata kuku mmoja ambaye sura yake ilitutia shaka. Hakuwa na kitu, maskini. Mama akamwambia shoga yake kuwa bado analisafisha. Uongo huo ulidumu siku kumi na mbili, na mama akakonda. Si dhahabu aliyoililia. Alichelea kumpoteza yule bibi. Tena nyumba yetu na yake zilikuwa zimeshatiwa alama ya chokaa, zibomolewe kupisha majumba ya Michenzani. Tingatinga likishapita, bizimu lingekaa chini ya ghorofa mpaka Kiama.

Mjomba alikuwa kibarua wa Wajerumani waliokuja kujenga. Akasema wana mashine ya kutafutia mabomba ya zamani, fimbo ndefu yenye sahani chini, ikipita juu ya chuma au shaba inalia. Mama hakumwacha amalize chai.

Jumapili akaja nayo Mjerumani mmoja mrefu, mwekundu kwa jua. Mashine ililia kila hatua. Ikatoa misumari, kifuniko cha birika, jembe lisilo mpini, na ufunguo wa sanduku ambao mjomba alimtuhumu mkewe wa kwanza kuwa kauiba, hata wakaachana. Mjomba aliutia mfukoni.

Karibu na kisima mashine ikalia kwa nguvu. Mjerumani akachimba kwa mikono, akatoa kidude cha kijani kilichopinda, na mgongoni kina pini. Mama aliruka, kisha akaketi.

"Silo," alisema.

Mjerumani alikuwa amepiga magoti. Akasema hili ni bizimu la Warumi, la miaka elfu mbili. Kwao baba yake alipata kulima shamba akafukua linalofanana nalo.

"Na huyo Mrumi alikuja harusi ya nani?" mama akauliza.

Mjerumani akamsihi mama alitunze sana, kesho atamleta mwenzake ajuaye mambo ya kale aje alitazame. Basi, mwambie mwanamke wa Unguja atunze kitu, na kesho kuna mgeni wa kukitazama! Alfajiri mama alichukua ukwaju, majivu na kumbi la nazi, akalisugua kwa hasira ya siku kumi na mbili. Kijani chote, ambacho Mjerumani baadaye alitwambia ndicho kilichokuwa umri wake, kikaenda na maji mferejini. Kufika saa nne lilikuwa linawaka.

Mjerumani alipoliona alifungua mdomo asiufunge. Mwenzake akaligeuza mara mbili, akacheka, akasema hili la dukani Darajani, tena la mwaka jana. Wakaondoka, yule mrefu anageukageuka nyuma kama aliyetoka kuzika. Nilimwonea huruma, nikamkimbilia na kipande cha halua ya harusi.

Niliporudi, mama bado amesimama uwanjani, bizimu kiganjani, na shoga yake anaingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, kama kawaida yake.

"Shoga, gari la vyombo lishafika, nnahama. Nimekuja kukuaga."

"Shoga, n'na neno," mama akaanza.

Yule bibi alikwisha kulichukua. Lake lilikuwa la dhahabu, lenye ua la yasmini. Hili lilikuwa shaba tupu iliyopinda. Hata kipofu angelijua kwa kulipapasa. Akaligeuza, akalipandisha kwenye mwanga.

"Siku zote hizi ulikuwa unalisugua hili tu? Limetakata." Akalibana kangani, begani, akauliza kama chai ipo.

Nilitaka kucheka, mama akanifinya. Tangu hapo, kila Idi na kila harusi, bibi yule alilivaa kifua mbele, na mama akatazama pembeni. Hawakulizungumza kabisa.

Miaka michache baadaye akaugua, akaniita kitandani kwake.

"Naam," nikaitika.

"Mrudishie mama yako bizimu lake. Langu lilipotea harusini. Nliona begani kwa dada yako halipo kabla hajatolewa nje. Nlinyamaza. Mwambie nlichelea angeniomba radhi, nami ningelia mbele za watu."

Mama alilipokea siku tuliyotoka mazikoni. Lilikuwa limeanza kurudi kijani. Miaka yote ile shoga yake hakulisugua hata mara moja. Mama alilia mpaka nikaogopa. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Mvivu yule, Mungu amrehemu," alisema. "Hebu nletee ukwaju."