Godoro Nililolipeleka Hospitali

Wewe uliyelala hospitali leo tumbo linakukimbiza, na wewe unayemuuguza, haya nimewaandikia nyinyi. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo msitafute kwangu maneno makubwa. Lakini kwa magodoro, kuanzia Gitega mpaka Muyinga, hakuna aliyenizidi. Uliza mtu yeyote wa mtaa wetu wa Nyamugari, hapa Gitega, atakuonyesha nyumba yangu.

Nilianza na godoro moja kichwani, natembea nalo mpaka Buraza kutafuta mnunuzi. Nikapata baiskeli, nikapata lori, nikafungua duka sokoni Muyinga, karibu na mpaka, ambako mali inaingia kutoka Tanzania. Nilikuwa na namna yangu ya kuuza. Mteja akisitasita, najitupa chali juu ya godoro na unene wangu wote, puu, nabaki nimelala namtazama. Soko zima linacheka. Mteja analipa.

Kisha ngiri ikanishika, kwa sababu ya kubeba mizigo. Wakanipasua Gitega. Nilipoona kitanda cha hospitali, godoro jembamba limevikwa plastiki, nilikataa. Mimi, Hamisi wa magodoro, nilale juu ya plastiki? Mke wangu Zaituni akaniletea godoro letu la nyumbani, la kitambaa cha maua. Wagonjwa wenzangu walikuja kuligusa. Niliwaacha waguse.

Kidonda kilitunga usaha, wakanipa antibiotiki kali, na siku chache baadaye tumbo likafunguka. Hii haikuwa kuhara kwa maharage yaliyolala. Ni maji matupu, na harufu ambayo mimi mwenyewe ningeikimbia kama ningekuwa na miguu ya kukimbilia. Tumbo lilisokota kama nguo inayokamuliwa. Mara nyingi sikufika chooni. Zaituni alinifuta kama mtoto mchanga, akalifuta na godoro kwa kitambaa cha maji, huku ananiambia taratibu, "Baba Zuena, usione haya. Ni mimi."

Daktari hakunificha. Alisema kijidudu hiki nimekiokota humo humo hospitalini, na dawa za kidonda zimekifungulia nafasi tumboni. Dawa ya kukiua ilitoka Bujumbura, na ilikuwa ghali. Nilipona. Nikarudi nyumbani na godoro langu, nikalala juu yake.

Mwezi haukuisha. Tumbo lilirudi nikiwa Muyinga, duka limejaa wateja, nikajichafulia ndani ya lori. Wakanilaza hospitali ya kule, na mi nikaagiza godoro langu lije. Likaja juu ya lori langu mwenyewe. Nikapona tena, tukarudi nalo tena. Mara ya tatu nililazwa Gitega, na sikuwa tena na lori la kulibeba. Lori lilishakuwa dawa. Kiwanja changu cha Yoba kikafuata. Duka la Muyinga nilimwachia Yasini, aliyekuwa mfanyakazi wangu, akanipa alichokuwa nacho. Mali ya miaka yote ile ilipitia kwenye utumbo wangu na kuishia chooni.

Nilibaki mifupa. Chakula sikukitamani. Nilichokitamani ni Muyinga asubuhi, tunapochana nailoni ya mzigo mpya na ile harufu ya sponji inatoka. Nilifumba macho naitafuta katikati ya harufu yangu. Binti yangu Zuena akiniuliza anipikie nini, namwambia nataka kufungua duka. Anageuza uso.

Siku moja muuguzi, mama mnene asiyecheka ovyo, alikuja kubadilisha shuka, akalishika godoro langu, akasimama.

"Patron, hii matela umekuja nayo mara ngapi?"

Nikamjibu mara zote, iko yangu, na kama hii hataiona hapa Gitega.

"Basi unatembea na ugonjwa wako. Ile yetu ya plastiki tunaisafisha na javeli, dawa ya kuua vijidudu, kila mgonjwa akitoka. We hii uliisafisha na nini?"

Zaituni akanitazama. Kwa kitambaa cha maji tu, nikamjibu.

Daktari alisema ugonjwa huu unaweza kurudi hata bila godoro, lakini hilo lichomwe. Lilichomwa nyuma ya hospitali, na moshi wake mweusi niliuona dirishani. Nikalala juu ya plastiki inayoteleza, dawa ikaanza upya. Nyumbani Zaituni aliosha kila kitu kwa javeli, na mikono tukanawa kwa sabuni na maji ya kumimina, maana tuliambiwa ile dawa ya kupaka mikononi haiui kijidudu hiki. Tangu hapo tumbo limetulia, Alhamdulillahi.

Nilipopata nguvu nilikwenda Muyinga. Duka limepakwa bluu. Yasini akanipa kiti, akaniita patron, bosi wake, kama zamani, na hapo ndipo nilipoumia. Mteja mmoja alikuwa anabonyeza godoro, anazunguka, anabonyeza tena. Yasini akanigeukia.

"Patron, jitupe."

Nikajitupa. Godoro halikuzama. Ule unene wa kulizamisha haupo tena. Soko likacheka hata hivyo. Mi nikabaki nimelala, nanusa sponji, sina haja ya kuinuka.

Mteja akauliza bei. Nikaitaja kabla ya Yasini. Akasema sawa, analipeleka hospitali, mama yake amelazwa.

Nikainuka nikakaa. Yasini alinikata jicho, anajua ninachotaka kusema.

"Nunua," nikamwambia yule mteja, "lakini lipeleke nyumbani limngoje. Kule alale kwenye plastiki yao. Na we unawe kwa sabuni kila ukimgusa."

"Na asipotoka?"

"Atatoka. Mi nilitoka."

Alinitazama hii mifupa yangu, akacheka kidogo, akalipa. Aliliweka kichwani, na njia ya hospitali akaiacha kushoto. Nililitazama likiyumba juu ya vichwa vya watu mpaka likapotea. Ndivyo nilivyoanza na mimi.

Namshukuru Mungu, namshukuru Zaituni, namshukuru na yule mama asiyecheka. Nawe uliyelala hapo, vumilia plastiki. Godoro lako liko nyumbani.