Mama Akinyi na Stima ya Kijani

Leo nimeaibika mbele ya kijiji chetu kizima cha Asembo Bay, na bado nacheka.

Chama fulani cha siasa kilikuja kueleza sera zake za tabianchi. Mimi nilikuwa natafsiri kwa Dholuo.

Mgombea wao akasema, "Tutaleta nishati ya kijani!"
Nikatafsiri neno kwa neno, ikawa umeme wenye rangi ya kijani.

Mama Akinyi, mkausha samaki kwa moshi, akainuka. "Stima mtaipaka rangi kwa nini? Mimi nataka jiko lisiloniumiza macho!"

Watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini mgombea akashuka jukwaani, akaketi kando ya Mama Akinyi.
"Mama, nieleze hilo jiko liweje."

Mama akaeleza. Mgombea akaandika kurasa tatu.

Jamani, kwenu kuna mwanasiasa aliyewahi kuwauliza mnachohitaji?