Kiti cha Mbele cha Mtumbwi

Eulogio Sandoval, mwendesha mtumbwi kwa pondo katika vinamasi vya Iberá, alimpangia binti yake Nélida safari nzima: kulungu alfajiri, mamba adhuhuri, mikate ya jibini kikapuni. Jioni ya kuamkia safari, Nélida alipiga simu kutoka Buenos Aires.

"Baba, kazi imenibana. Lakini hao mamba wako si watakuwepo mwakani?"

"Mamba watakuwepo, mwanangu."

"Basi usininunie, mzee wangu!"

Alicheka kidogo ili binti amsikie. Asubuhi, kwa kuwa mtumbwi usio na mtu mbele hauendi sawa, alijaza gunia mchanga, akaliweka kwenye kiti cha Nélida, akaondoka. Kulungu walipotokeza, alinyoosha mkono kuwaonyesha, kisha akaushusha taratibu.